Lusewa Anaita, Ova

Jumatatu, 18 Novemba 1996

Mvua ya kwanza. Kama ada, nusu ya Songea haina simu, maana maji yameingia kwenye maungio ya nyaya ambayo tangu mwezi wa saba nawaambia wayafunike. Nimeshinda shimoni, tope hadi magotini. Meneja kapita na gari, kashusha kioo, kaniuliza, "Vipi, Injinia, bado?" Bado! Angeingia yeye.

Jioni Rupert kapiga simu kutoka Dar. Tulisoma wote uhandisi Mlimani, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Siku hizi ni mtu wa tai. Anasema serikali inaandika sera mpya ya mawasiliano kwa ajili ya hili soko huria, makampuni ya simu za mkononi yanagonga hodi, na safari hii wahandisi tumeombwa tuunde kamati tutoe maoni. Anataka niandike ya huku kusini.

"Si wanasiasa tena, Otto," anasema. "Sasa watatusikiliza wenye fani."

Nimemwambia nitafikiri. Nimefikiri kwa muda wa kuvua viatu, nikampigia kumwambia ndiyo.

Alhamisi, 21 Novemba

Asubuhi nilikwenda misheni kuangalia betri za simu ya upepo, ile isiyo na waya, ya Sista Noela. Yeye ndiye mwenye kituo kikuu. Zahanati zote za vijijini, kuanzia Mpitimbi mpaka Lusewa kwetu, zinaongea kupitia kwake. Shirika letu la simu halijawahi kupeleka waya Lusewa, na kwa barabara ile sidhani kama litapeleka nikiwa hai. Kwa hiyo kila asubuhi watu hukusanyika nje ya zahanati, na Notburga, muuguzi wao, husoma ujumbe mmoja mmoja. Wana utaratibu wao hawauvunji: wagonjwa kwanza, kisha misiba, kisha tumbaku, mwisho salamu. Na kila kituo kinasikia vingine vyote, hakuna siri.

Zamu ya salamu ilipofika, Notburga akasema, "Lusewa anaita. Kuna ujumbe wa Injinia Otto kutoka kwa mama yake. Mama anasema masuku yameiva, atampa Majidi wa lori akuletee. Sukari imekwisha. Na anauliza, tangu mke akukimbie mwaka wa tatu huu, unasubiri ashuke malaika? Ova."

Mpitimbi wakacheka. Sista Noela mwenyewe akaziba mdomo na shela yake.

"Mwambie nimesikia. Ova," nikasema.

Jumanne, 26 Novemba

Mvua. Shimoni tena.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimemaliza kuandika maoni. Hoja yangu ni moja: hizi simu za upepo za zahanati zisitozwe leseni ya biashara, ziachwe zifanye kazi mpaka hapo hao wawekezaji watakapofika vijijini, kama watafika. Nimeandika vizuri, najua nimeandika vizuri. Nimeeleza jinsi mtu akifa Lusewa ndugu wa Songea anavyopata habari asubuhi ileile, anadandia lori, anawahi kuzika. Nimeeleza wakulima wanavyojua bei ya tumbaku kabla mnunuzi hajawafikia kuwadanganya. Hata salamu nimezitia. Nimemalizia kwamba vituo hivi, kwa kweli, ndivyo vinavyotoa huduma ya simu kwa umma huko vijijini.

Nilimsomea Sista Noela. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Injinia, hayo ya tumbaku na salamu ungeyaacha. Vibali vyetu ni vya wagonjwa. Andika wagonjwa, basi."

"Sista, mhandisi haandiki nusu ya kipimo. Wakiona kazi yote inayofanyika, watazilinda."

"Haya, baba," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Jumamosi, 14 Desemba. Dar es Salaam

Warsha imekwisha leo. Hoteli ya baridi mpaka nimekaa na koti, mimi mtu wa Songea! Wahandisi tuko kama ishirini, na washauri waelekezi kutoka nje ambao kila wakisimama wanataja nchi nyingine. Rupert kanenepa. Kanikumbatia mbele za watu, "Huyu ndiye Otto, mtu wa field kabisa!" Nikacheka naye, ingawa sikupenda.

Lakini nilipowasilisha, ukumbi ulitulia. Wakapiga makofi, tena si ya adabu. Kijana mmoja wa kampuni ya simu za mkononi, mpole, kalamu mkononi, akauliza, "Samahani mzee, kwa hiyo hata bei ya tumbaku inapita humo?"

"Hata bei ya tumbaku!" nikamjibu kwa sauti, na kifua mbele.

Akaandika. Akanishukuru. Nilimpenda, akili yake ilionekana inafanya kazi. Usiku huu nitalala vizuri, mara ya kwanza kwa miaka mingi naona shule niliyosoma ina maana.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Nimerudi kwangu Msamala, nyumba inavuja sebuleni. Majidi, dereva wa lori la mfanyabiashara wa tumbaku, jirani yetu wa Lusewa tangu utoto, kaleta masuku, nusu yameoza njiani, na uyoga mkavu. Nimekula yaliyo mazima yote kwa kikao kimoja.

Alhamisi, 9 Januari 1997

Kwa Sista Noela. Nyuma ya sauti ya Notburga nilisikia mtu anakohoa. "Ni mama yako, anasimamia ujumbe wake usomwe sawasawa. Anasema hana kitu, ni kifua cha mvua. Ova." Nikasema apande lori aje hospitali. Jibu likaja kwamba palizi haijaisha na mimi nisimfanye mgonjwa. Hapo sauti ikawa ya mama mwenyewe, kanyang'anya kifaa: "Otto! Umeninunulia kitenge cha Pasaka au la?" Hakusema ova. Mama hajawahi kusema ova maishani mwake.

Jumatano, 15 Januari

Mvua. Hakuna jipya kutoka Dar.

Alhamisi, 23 Januari

Leo nimesoma kitu nikakisoma tena, nikaenda kunawa uso, nikakisoma tena.

Sera imetoka, na waraka wa leseni uko nyuma yake. Kifungu chenyewe ninakinakili hapa ili nisije siku moja nikajidanganya kwamba nilikielewa vibaya: "Kituo chochote cha simu ya upepo kinachopitisha ujumbe wa watu wengine, ukiwemo wa misiba, bei za mazao na salamu, kitahesabiwa kuwa kinatoa huduma ya simu kwa umma, na kitalipa leseni ya biashara au kifungwe."

Misiba, bei za mazao na salamu. Huduma ya simu kwa umma. Maneno yangu! Hawakubadilisha hata mpangilio. Na kwenye ukurasa wa mwisho wamewashukuru wataalamu waliochangia, na jina langu lipo, limeandikwa sawasawa, herufi hata moja haijakosewa.

Nikampigia Rupert.

"Otto, tulia," akasema. "Kamati haikukufanyia ubaya. Kampuni zilisema haziwezi kulipia masafa mamilioni halafu kuna watu wanatoa huduma ileile bure. Tukasema hizo ni simu za wagonjwa tu. Wakatoa maoni yako. Tungesema nini?"

"Mlisoma hoja? Niliandika zilindwe!"

"Hoja ni yako, ushahidi ni wa wote. Uliwaletea ushahidi mwenyewe, ndugu yangu."

"Na hizo kampuni zitakwenda Lusewa lini?"

"Baadaye. Soko likiruhusu."

Nilimtukana. Sijamtukana mtu hivyo tangu niwe mtu mzima, na simu ilikuwa ya ofisi, na Meneja alikuwa mlangoni. Rupert alisubiri nimalize, kisha akaniambia kwa upole kwamba mwezi ujao anahamia kampuni ya simu za mkononi, na kama nataka kazi nimwambie.

Mdomo uliponza kichwa. Nimejipalia makaa kwa mikono yangu, na kwa mwandiko mzuri.

Ijumaa, 24 Januari

Nimekwenda kwa Sista Noela. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele, amina." Nikamwonyesha. Akasoma, akanirudishia. Hakusema nilikwambia, na ningependa angesema. Anadhani ofisi ya Baba Askofu haitaweza kulipia vituo vyote, kwa dola tena. Wakilipa hizo, dawa watanunua na nini?

Alhamisi, 30 Januari

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Ofisi ya leseni haina mtu mkoani, kwa hiyo imeliomba shirika letu limtoe mhandisi azunguke vituo visivyolipa na kuvifunga kwa lakiri. Mhandisi ni mmoja mkoa mzima.

Nilimwambia Meneja sifanyi. Akakuna kidevu. "Kataa, ni haki yako. Watamleta mwingine kutoka Dar, atakata waya za antena na kuondoka na mitambo. Wewe angalau utafunga kwa adabu, siku wakilipa unafungua tu."

Nimekubali. Nimejiambia ni kwa ajili ya mitambo. Huenda ni kweli. Huenda pia naogopa kufukuzwa kazi nikiwa na umri huu, maana serikali ya soko huria haimlilii mtu. Sijui, na leo sitaki kujua.

Jumanne, 4 Februari

Mpitimbi. Nimefunga. Mganga wao kaniangalia nikifunga mwanzo mwisho, kisha kaniuliza kama nitakunywa chai.

Alhamisi, 6 Februari

Nimefunga kingine.

Jumatatu, 10 Februari

Viwili. Mvua kubwa. Gari lilikwama, wakatusukuma watu walewale ambao nilitoka kuwafungia.

Jumatatu, 17 Februari. Lusewa

Naandika kwa mama, kwa kibatari, mvua inapiga bati.

Notburga alikuwa kanisubiri. Kavaa sare nyeupe safi, kana kwamba anakuja mkaguzi. Watu walijaa nje, maana ilikuwa saa yao ya simu. Nikapitisha waya nyuma ya mtambo, nikabana lakiri ya risasi kwa koleo, nikabandika karatasi, nikatia sahihi. Onyo liko chini ya sahihi: atakayevunja atashitakiwa, yeye pamoja na ofisa mhusika. Notburga akalisoma kwa sauti, wote wasikie, kama anavyosoma ujumbe.

"Ofisa mhusika ni nani?" akauliza mzee mmoja.

"Mimi, mzee wangu."

"Kwa hiyo tukivunja sisi, wanakufunga wewe?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Basi wamekuandika vibaya," akasema, na watu wakaanza kutawanyika.

Notburga akaniambia nikiwa nakusanya vifaa, "Kaka Otto, mama akijifungua vibaya usiku nimwite nani?"

"Tafuta lori, dada."

"Masika hii?" Hakuwa na hasira. Nilitamani angekuwa na hasira.

Nyumbani mama kapika ugali na uyoga, kanisogezea ule mnene. Kakonda. Anakohoa na kugeuza uso ili nisione. Kanisikiliza nikieleza sera, kifungu, kamati, yote. Nilimweleza hata kwamba maneno ni yangu. Sijui kwa nini, nilitaka mtu anigombeze.

"Uliwasifia watu wa kwenu," akasema. "Kosa liko wapi hapo?"

"Kosa niliwasifia kwa wasiohusika, mama."

"Hee! Sasa nikitaka kukugombeza nitafanyaje?"

"Nitakuwa nakuja."

"Kwa barabara ipi? Hii iliyokufanya uingie kwangu na tope mpaka masikioni?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha haraka.

Nimemwambia kesho twende Songea akapimwe. Hataki. Mahindi yanaanza kubeba, nyani wako tayari, nani atawafukuza? Atakuja Pasaka na kitenge chake kipya, ndipo apimwe. Nimembembeleza, nimefoka, nimenyamaza. Mama ukimvuta anakaa chini.

Jumatatu, 24 Februari

Leo cha Sista Noela. Ndicho cha mwisho. Alinishikia tochi mwenyewe, maana umeme ulikuwa umekatika, ili risasi nisiibane vibaya. Mkoa mzima kimya. Meneja kaandika barua ya kunipongeza kwa kumaliza kabla ya muda.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Kitenge nimenunua, cha kijani, ghali.

Jumanne, 11 Machi

Daraja la mbele ya Namtumbo limekwenda na maji. Malori yamesimama. Nimeuliza kituo cha mabasi, nimeuliza sokoni, hakuna aliyetoka Lusewa wiki hii.

Jumapili, 16 Machi

Redioni kasikika Rupert, msemaji wa kampuni. Mji wa Songea utapata mtandao "katika awamu zijazo." Anaongea vizuri, hana hata kigugumizi alichokuwa nacho Mlimani. Kuhusu vijijini hakuulizwa, naye hakujitolea kusema.

Ijumaa, 21 Machi

Bado daraja.

Alhamisi, 27 Machi. Alhamisi Kuu

Majidi kanikuta nimetoka kazini, nafungua mlango. Suruali kaikunja, miguu mitupu, tope limekauka mpaka mapajani. Lori kaliacha ng'ambo ya mto, kavuka kwa mtumbwi, kutembea, kudandia, kutembea.

"Injinia, shikamoo. Tuingie ndani kwanza."

"Majidi, sema hapahapa."

"Tuingie, kaka. Wallahi tuingie."

Nikaingia. Hakukaa mpaka nilipokaa.

"Inna lillahi. Mama Otto ametutoka. Jumamosi, adhuhuri."

Nilimuuliza Jumamosi ipi, kama mjinga.

"Hii iliyopita. Tumemzika Jumatatu. Wazee walisema tusubiri, mwana wa pekee, nani atatia udongo wa kwanza? Tukasubiri Jumamosi, tukasubiri Jumapili. Vijana wawili walitumwa kwa miguu, mto ukawarudisha. Jumatatu haikuwezekana tena, Injinia, unaelewa mwenyewe, joto hili na mvua. Nikatia udongo mimi. Padri hakufika, mwalimu wa dini akasali. Nilisema nimwekee Otto mkono, nisamehe kama nimekosea."

Huyu Mwislamu kamzika mama yangu Mkatoliki kwa niaba yangu, halafu ananiomba radhi. Nilimshika mkono wake wenye tope nikalia. Nililia vibaya, kwa sauti, majirani wakaja. Kwetu mama hazikwi mtoto asipokuwepo! Hata walevi wa pombe ya komoni hupelekewa habari wakaja wakiyumba wakamzika mzazi. Mimi, mtu wa simu mkoa mzima, nimeletewa habari kwa miguu, siku ya tano.

Majidi kalala kwenye kochi. Kitenge kiko juu ya kabati, sijathubutu kukigusa.

Jumapili, 30 Machi. Pasaka

Niko njiani, Namtumbo. Nimesikia kengele za misa nikiwa nasubiri mtumbwi.

Jumatatu, 31 Machi. Lusewa

Udongo bado mbichi. Wamepanda maua ya pembeni ya njia, mvua imeyalaza. Nilitandika kitenge juu ya kaburi, nikaona kinalowa, nikakiacha kilowe.

Jioni nikaenda zahanati. Sikumwambia Notburga nakuja, lakini alikuwa kwenye ngazi, akasimama, akanipa pole, nikapokea. Akaniingiza chumba cha simu. Mtambo uko palepale, kaufunika kwa kitambaa alichokifuma, na kila kitu kimefutwa vumbi. Karatasi yangu nzima. Risasi nzima. Sahihi yangu inasomeka vizuri.

"Ijumaa usiku alizidiwa," akasema. "Kifua kilibana, dawa niliyokuwa nayo haikutosha. Nilikuja na kisu, kaka Otto. Sikuogopa kushitakiwa. Nilitaka nimwite Sista, atafute gari la hospitali lifike hata mtoni, tumvushe kwa machela. Vijana walikuwa tayari. Mama yako akauliza, Notburga anakwenda wapi na kisu? Wakamwambia."

Akanyoosha kitambaa juu ya mtambo. Nikasubiri.

"Akakataa. Akasema ile ni sahihi ya mwanangu. Mkivunja, wanamfunga yeye. Akaniapisha, kaka, akanishika mkono huu, hakuniachia mpaka nilipoweka kisu chini. Akasema Otto ataona mwenyewe tumemtunzia kazi yake." Akafuta macho kwa pindo la sare. "Ningemdanganya. Ningevunja asijue. Kila nikilala nawaza ningevunja, Sista angesikia, na gari lingekuja."

Sista asingesikia. Huku Lusewa hawakujua. Wao walidhani nimewafungia wao, wadogo, na kwamba misheni pale Songea simu ingali inanguruma kila asubuhi kama zamani. Hawakujua niliifunga ya Sista wiki moja baada ya yao, naye akinishikia tochi. Mama kanilinda kwa pumzi zake za mwisho, na hata angeniacha nifungwe asingesikilizwa na mtu.

Mchuma janga hula na wa kwao. Mama ndiye aliyekula, mimi nimebakiziwa kusimulia.

Ningemweleza Notburga hapo hapo. Sikumweleza. Angepumua kidogo kama angejua kwamba kisu kile kisingesaidia kitu. Nilimnyima hata hilo, kwa sababu baada ya hapo angeniuliza nani aliifunga ya Songea.

"Sasa wewe ndiye mwenye sahihi," akasema. "Vunja. Mwite Sista umwambie misa ya arobaini, watu wa Songea wajue. Mama yako alikuwa na watu wengi."

Akatoa kisu kilekile mfukoni. Nikakata waya, risasi ikaanguka sakafuni. Nikaunganisha betri, alikuwa kaitunza, imejaa. Taa ikawaka. Akavuta kigoda akakaa karibu, kichwa kakiinamisha kwenye spika asipitwe na neno, kama alivyokaa kila asubuhi miaka yote.

Nikabonyeza.

"Lusewa anaita. Lusewa anaita. Songea, unanipata? Ova."

Upepo tu.

"Rudia," akasema Notburga. "Huwa wanachelewa."

Nikarudia.